Chajio kamili hakihitaji saa nyingi jikoni

Ifikapo saa moja jioni, wazazi wengi wafanyao kazi mjini ndio kwanza wanashuka matatu. Wamechoka, watoto wana njaa, na kibanda cha chipsi ki karibu na nyumbani. Mara mojamoja hakuna neno. Lakini mtoto anayeshinda kwa chai na mkate, kisha akalala kwa chipsi, hushiba bila kupata chakula cha kujenga mwili. Sisi madaktari humwona baadaye: amepauka, mchovu, hafuati masomo, kwa kuwa damu yake imepungukiwa na madini ya chuma.

Chajio kamili kina vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kukinga maradhi. Ugali, ndengu, sukuma wiki na chungwa vyatosha. Hata mwenye jiko moja tu aweza kuviandaa kwa muda wa saa moja hivi, mradi kazi ianze asubuhi.

Kabla ya kwenda kazini, chagua ndengu vikombe viwili kwa watu watano, zioshe na uziloweke. Jioni mwaga maji hayo na uzichemshe kwa maji mapya. Zilizolowekwa huiva kwa dakika 25 hivi. Zinapotokota, osha sukuma wiki kabla ya kuikata, kwani ukiiosha ikiwa imekatwa, vitamini C hupotea majini. Mtoto mkubwa naye akate vitunguu na nyanya.

Kaanga vitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya, kisha ndengu. Punguza chumvi. Mtu mzima hafai kuzidisha gramu 5 kwa siku nzima, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na chumvi iliyo katika mkate imo katika hesabu hiyo. Epua, ufunike, usonge ugali. Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi unaouzwa katika pakiti uongezwe vitamini na madini, yakiwemo ya chuma. Sukuma wiki ipikwe mwisho, dakika tano tu, ibaki na rangi yake ya kijani.

Jambo moja husahauliwa. Madini ya chuma yaliyo katika ndengu na mboga hayafyonzwi na mwili kwa urahisi kama ya nyama. Vitamini C husaidia, chai huzuia. Kwa hiyo chungwa liliwe pamoja na mlo, nayo chai ingoje kama saa moja baada ya kula.

Hata hivyo, mtoto aliyepauka sana, anayehema kwa shida au anayekula udongo apelekwe kliniki apimwe damu. Huenda ana minyoo au malaria, na hayo hayaponi kwa chakula pekee.