Mtoto Aonaye Rangi Katika Sauti Si Mwongo

Katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, mama akisema, "Nasikia harufu ya mchuzi unaungua," hakuna amchekaye. Kwa Kiswahili twasikia sauti, harufu, baridi na hata njaa. Na Kirundi kina neno kwumva, lenye kubeba kusikia, kuhisi na kuelewa. Lakini mtoto akisema kwamba tarakimu 5 ni nyekundu, au kwamba mlio wa filimbi ni wa manjano, mara huitwa mwongo.

Ndugu wasomaji, yafaa ifahamike kwamba hali hiyo ipo, nayo huitwa sinestesia. Mwingereza Francis Galton aliandika habari zake mwaka 1880. Kwa wenye hali hiyo, hisi moja ikiguswa, nyingine huamka pamoja nayo. Si wazimu wala ugonjwa. Mara nyingi huanza utotoni, na yaweza kuwapata watu kadhaa wa ukoo mmoja. Alama yake ni kutobadilika: tarakimu iliyo nyekundu leo huwa nyekundu hata baada ya miaka.

Je, sisi wengine tu mbali nao? Hasha! Sikilizeni inanga ya Burundi, ile ipigwayo huku mwimbaji akinong'ona. Mnong'ono hauna lahani, lakini msikilizaji husikia maneno yakiimbwa. Lahani ni ya nyuzi. Ubongo ndio unaoiunganisha na maneno. Mtaalamu wa muziki Cornelia Fales ameuchunguza muujiza huo. Kweli, hapo ni sauti kwa sauti, si sauti kwa rangi. Lakini funzo ni lile lile: ubongo haupokei tu, bali huunganisha.

Jaribuni nyumbani jioni. Choreni umbo la mviringo kama wingu, na jingine lenye ncha kama nyota. Ulizeni: lipi ni Buba, na lipi ni Kiki? Wengi huliita la mviringo Buba. Wolfgang Köhler alieleza jaribio la namna hiyo mwaka 1929.

Basi wazazi, msimpige mtoto huyo wala kumzungusha kwa waganga. Mwulizeni kwa upole, andikeni majibu yake, kisha mwulizeni tena baada ya miezi kadhaa.

Lakini mtu mzima, hasa askari aliyepigwa kichwani, akianza ghafla kuona rangi au mianga asiyoizoea, huyo aende hospitali bila kukawia.