Miraa na Meno ya Kahawia

Ukimwona mtafuna miraa mwenye meno ya kahawia, usilaumu floraidi ya jani upesi. Kushuhudia uongo ni dhambi, hata juu ya jani. Doa la miraa hukaa juu ya jino, laweza kukwanguliwa. Doa la floraidi limo ndani ya jino, nalo liliingia utotoni, jino lilipokuwa likifanyika chini ya ufizi.

Basi kwa nini jani lipimwe? Kwa sababu mmea hunyonya floraidi udongoni, na floraidi nyingi kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa ya mtu mzima. Wapimaji hukausha majani, huyasaga, huyachoma pamoja na soda kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, ndipo hupima kwa chombo cha umeme. Hiyo ni floraidi yote ya jani. Lakini mtafunaji hutema makapi! Yafaa kupima pia utomvu anaoumeza, na chai anayonywa, maana mchai hukusanya floraidi kuliko mimea mingi.

Maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani lasema yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Arusha, viko visima vinavyopita hapo sana. Mama wa Kirungu, ukihamia huko na mtoto mdogo, uliza kwanza habari za kisima.