Nembo ya Taifa na Jina la Aliyeichora

Kila barua ya serikali inayofika katika ofisi ya msikiti wetu huja na picha ile ile: mwanamume na mwanamke juu ya Mlima Kilimanjaro, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu, na kati yao ipo ngao. Watu huwaita Bibi na Bwana. Tunaisoma barua, tunaihifadhi katika jalada, na nembo hatuitazami. Ilhali imebeba mengi ya kwetu Shinyanga na Geita.

Tuanze juu ya ngao. Rangi ya dhahabu ni madini ya nchi. Kwetu hilo halihitaji tafsiri: tunayo almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940, na dhahabu ya Geita na Bulyanhulu. Juu ya rangi hiyo unawaka Mwenge wa Uhuru. Chini yake ipo bendera, kisha wekundu wa udongo wenye rutuba, ambamo jembe na shoka vimepishana. Mkuki ni ulinzi wa uhuru. Mwisho ni mawimbi ya bahari na maziwa. Miguuni mwa Bwana upo mkarafuu, na miguuni mwa Bibi upo mpamba, zao lililowasomesha wengi huku Usukumani. Utepe unasema: Uhuru na Umoja.

Nani aliichora? Wengi humtaja Francis Maige Kanyasu, maarufu Ngosha, jina ambalo kwa Kisukuma ni mwanamume. Taifa lilimfahamu akiwa mzee mgonjwa, anayeishi kwa taabu Dar es Salaam, akisema kazi ile ni yake. Alifariki Mei 2017. Wengine humtaja Jeremiah Wisdom Kabati wa Mwanza. Hatuna haja ya kuwa mahakimu. Kinachotuhuzunisha ni kwamba nembo inayotukuza jembe na shoka, yaani jasho la mfanyakazi, imeacha jina la mfanyakazi wake likibishaniwa.

Tusiwalaumu wengine kabla ya kujitazama. Ni nani aliyechimba kisima cha msikiti wenu? Ni mama gani waliochangia mabati ya madrasa? Kumshukuru mja ni katika kumshukuru Mola. Basi wiki hii, wazazi, waonyesheni watoto nembo hiyo na kuwaeleza maana yake. Kisha wachukue daftari, wamwendee mzee mmoja wa mtaani, waandike jina lake na kazi aliyoifanya, angali hai.