Sanduku la Chuma la Shaolin

Wajukuu wangu, kisa hiki wapo wanaokisimulia na kukiapia. Wanasema palikuwa na mtawa wa Kibuddha aliyeitwa Bodhidharma, akatoka mbali mpaka China, akafika monasteri ya Shaolin kwenye mlima Song. Akaketi, akaukazia macho ukuta miaka 9. Alipokwisha kwenda zake ukuta ukaharibika, na watawa walipoutengeneza wakakuta humo sanduku la chuma lenye vitabu viwili. Kimoja kiliitwa Yijin Jing, kitabu cha kuimarisha misuli. Basi wanasema kungfu yote ilichimbuka humo, na karate ikaja kuzaliwa na kungfu.

Kisa kitamu, nami nakipenda. Lakini kitabu chenyewe kipo, kwa hiyo tukifungue.

Mwanzoni kina dibaji. Mwandishi wake anajitaja kuwa ni Li Jing, jemadari mashuhuri wa enzi ya Tang, na tarehe yake ni mwaka 628. Anaeleza jinsi kitabu kilivyopita mkono hadi mkono kabla ya kumfikia, na aliyemkabidhi yeye, anasema, ni shujaa mmoja mwenye ndevu za kujisokota. Tulieni hapo kidogo. Shujaa huyo hakuwahi kuishi duniani! Ni mhusika wa hadithi ya kubuni, tena iliyotungwa wakati jemadari Li Jing amekwisha kufa zamani. Ni sawa na mtu akuoneshe hati ya shamba iliyoandikwa kwamba babu yake aliuziwa na Sungura.

Aliyeuumbua uongo huo mapema ni Ling Tingkan, mwanazuoni wa China aliyefariki mwaka 1809. Hakuwa na silaha yoyote ila kusoma kwa makini. Leo wanahistoria wanaona kitabu kiliandikwa mnamo 1624, na mfuasi wa dini ya Dao, wala si Mbuddha. Na mkikisoma mtakuta mazoezi ya kuvuta pumzi, kukanda mwili na kuukomaza. Mafunzo ya kupigana ngumi hamtayaona.

Kwa nini mtu aandike kitabu, kisha ampe sifa marehemu wa miaka elfu moja nyuma? Nadhani ni kwa sababu China ya wakati ule iliheshimu sana ukale. Elimu isiyo na babu ilionekana ya mitaani, na mwalimu aliyetaka kusikilizwa alitafuta nasaba ndefu.

Bodhidharma mwenyewe ametajwa na waandishi wa kale kweli. Yang Xuanzhi, mwaka 547, anasema alitoka Uajemi na kwamba alijitangaza kuwa na umri wa miaka 150. Daoxuan, karne iliyofuata, anasema alitoka kusini mwa India. Hata nyumbani kwake hawakubaliani! Lakini kuhusu mapigano wote wawili wako kimya.

Na sasa sehemu ninayoipenda kuliko hilo sanduku. Mwaka 621 watawa wa Shaolin waliingia vitani kweli. Mwanamfalme Li Shimin alikuwa akipigana na Wang Shichong, watawa wakamsaidia kwa kumkamata mpwa wa adui huyo. Li Shimin akaja kuwa mfalme, na hakuwasahau. Mwaka 728 habari hiyo ilichongwa kwenye jiwe ambalo liko Shaolin mpaka leo, pamoja na majina ya watawa 13. Baadaye sana, katika karne ya 16 na ya 17, Shaolin ilisifika kwa mapigano ya fimbo ndefu, na ngumi ndipo zikaanza kupata jina. Watawa hawa walitoka jasho. Inaniuma kuona sifa yao inachukuliwa na mtu aliyetazama ukuta.

Kisa cha Bodhidharma kilienea hasa mwanzoni mwa karne ya 20, kupitia vitabu vilivyouzwa madukani. Mwaka 1930 mwanasheria Tang Hao akakipinga kwa maandishi, lakini kilikuwa kimekwisha kuvuka bahari: hata Funakoshi Gichin, aliyeitoa karate Okinawa akaipeleka Tokyo mwaka 1922, alikisimulia.

Japani nako wana ugomvi wao. Mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, lilisimamishwa jiwe linalosema kwamba mapigano ya mikono mitupu yaliletwa na Mchina, Chen Yuanyun, aliyefika huko katika karne ya 17. Watu wa shule ya jujutsu ya Takenouchi wanakataa. Wao wanasema shule yao ilianzishwa mwaka 1532, pale mwanzilishi wao alipotokewa na mzee wa milimani katika maono, akamfundisha. Chen alizaliwa mwaka 1587. Haya, hesabuni wenyewe, kisha mniambie mnamwamini nani, na huyo mzee wa milimani mtamweka wapi.