Mguu Uliopooza Waweza Kujifunza Kutembea Tena

Mkulima akishikwa na kiharusi, siku za kwanza watu wa nyumbani hushukuru kwamba yu hai. Arudipo kutoka hospitali ndipo lijapo swali la pili: je, atapata kufika shambani kwake tena? Jibu haliko kwa daktari peke yake. Sehemu kubwa i mikononi mwa mgonjwa na wale wanaokaa naye.

Kwanza yafaa kufahamu ya kuwa ugonjwa hauko mguuni. Mshipa wa damu kichwani umezibika au umepasuka, na sehemu ya ubongo imekufa. Ubongo wa upande wa kulia huamuru mguu wa kushoto, na wa kushoto huamuru wa kulia. Mifupa na nyama ni mizima, lakini amri haifiki, au hufika imevurugika. Ndiyo sababu kuusugua mguu kwa mafuta kutwa nzima, ingawa humpendeza mgonjwa, hakumfundishi kutembea. Sehemu za ubongo zilizosalia zaweza kujifunza kazi ile, lakini mpaka mguu wenyewe uifanye, mara nyingi, kila siku.

Si wote wapatwao na shida moja. Mmoja wayo wake huning'inia na vidole hukwaruza chini, naye huuzungusha mguu kwa nje kama afyekaye nyasi. Mwingine ana nguvu za kutosha, lakini huyumba na kukanyaga ovyo, kwa kuwa ameumia ubongo mdogo wa kisogoni, ambao kazi yake ni kupatanisha mwendo. Majirani husema amelewa. Hajalewa. Huyu na atanue miguu kidogo na kutembea pole pole, karibu na ukuta.

Mazoezi yaanze lini? Wengi hudhani mapema kabisa ndiyo bora. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, wa wagonjwa 2,104 katika nchi 5, ulionyesha kwamba wale walioanza kuinuliwa mara nyingi katika saa 24 za kwanza hawakupona vizuri zaidi. Waliopata nafuu nzuri kati yao walikuwa wachache kidogo kuliko wenzao. Basi siku hizo ngojeni amri ya hospitali. Akisharuhusiwa, msikawie. Miezi ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa, ingawa hata baada ya mwaka mguu waweza kuendelea kupata nafuu.

Zoezi moja zuri sana halihitaji chombo cha kununua: ni kuinuka kitini. Kiti kiwe kigumu, kiegemezwe ukutani. Mgonjwa avute nyayo zote mbili nyuma kidogo, apeleke kifua mbele, ainuke, kisha akae tena. Afanye mara 5, apumzike, arudie. Msaidizi asimame upande ulio dhaifu na kumshika kiunoni. Asiuvute kamwe mkono uliopooza, maana bega huumia upesi. Fimbo hushikwa kwa mkono mzima. Katika kupanda ngazi mguu mzima hutangulia, na katika kuteremka hutangulia ule dhaifu.

Huruma nayo yaweza kumdhuru. Mke huleta maji, mtoto huleta viatu, na mzee hukaa kitini tangu asubuhi hata jioni. Mpeni kazi! Apukuchue mahindi akiwa amesimama kando ya meza, au aende kuwatazama kuku, mtu akimfuata karibu.

Mguu huo mara nyingi hausikii moto wala mwiba. Kagueni nyayo kila jioni, hasa penye funza, wala asiote moto karibu na mafiga. Avae viatu vinavyoshika kisigino, si kandambili. Kama wayo waning'inia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini aweza kumpatia gango la kushikilia kifundo.

Dawa za shinikizo la damu asiziache hata akijiona mzima. Na ikiwa mguu umelegea ghafula kuliko jana, au mdomo umepinda, au maneno hayatoki, acheni mazoezi mkatafute gari saa hiyo hiyo.