Mizizi Inayoficha Sumu

Mama mmoja wa hapa Arlington alitukaribisha uani kwake, akatuonyesha mchicha uliomfika kiunoni. "Mwalimu," alituuliza, "ardhi yenye sumu ingezaa hivi?" Hatukuweza kumjibu papo hapo. Tumelitafakari swali lake, na hili ndilo jibu letu kwake na kwenu nyote mnaolima nyuma ya nyumba.

Ndugu zetu waliotoka Lubumbashi wanavifahamu vilima vya Katanga ambako mawe ya shaba yamejitokeza juu ya ardhi. Miti haistawi hapo. Huota nyasi na maua madogo. Mmoja wa mimea hiyo, Haumaniastrum katangense, wa jamaa moja na mrehani, huitwa ua la shaba. Huota hata palipokuwa na tanuri za wahunzi wa kale, na wachunguzi wa mambo ya kale wameufuata wakazigundua tanuri hizo. Mmea huo una afya njema juu ya udongo ambao ungedumaza mazao yetu mengi.

Ustahimilivu wa namna hii umo katika jeni, na hata mimea ya kawaida imerithi sehemu yake. Mwaka 1985 wanasayansi watatu wa Ujerumani, Grill, Winnacker na Zenk, walieleza habari za vinyuzi vidogo viitwavyo fitokelatini, ambavyo hukumbatia metali nzito ndani ya seli. Mwaka 1999 ikatambuliwa jeni ya kimeng'enya kinachoviunda. Kimeng'enya hicho huwamo katika seli kabla ya hatari, mfano wa mlinzi anayesinzia mlangoni. Kadimiamu ikipenya mzizini, huamka na kuunga vinyuzi. Metali hukamatwa na kusukumwa ndani ya kifuko kilichomo katika seli. Wakati huohuo jeni nyingine nazo huongeza kazi. Sumu haikutoka. Imefungiwa chumbani tu.

Iko mimea inayokwenda mbali zaidi. Arabidopsis halleri, mmea mdogo wa Ulaya, una nakala tatu za jeni iitwayo HMA4 ambapo ndugu yake wa karibu ana moja. Jambo hilo lilibainishwa mwaka 2008. Jeni hiyo huunda pampu za kupandisha zinki na kadimiamu kutoka mizizini hadi majanini. Majani hujaa metali, na mmea ungali kijani kibichi!

Kwa hiyo, mama yetu, uzuri wa mchicha hautoi ushahidi juu ya udongo.

Kwetu hapa tunayoihofia zaidi ni risasi. Dallas Magharibi kiwanda cha kuyeyusha risasi kilifanya kazi tangu 1934 hadi 1984, na mwaka 1995 eneo lake likaingizwa katika orodha ya taifa ya mahali palipochafuliwa. Rangi za nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 nazo zaweza kuwa na risasi. Risasi nyingi hubaki mizizini. Hatari kubwa ni vumbi linaloganda majanini na kwenye vidole vya watoto. Mwaka 2024 idara ya serikali kuu ya mazingira ilishusha kiwango cha tahadhari katika udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo.

Sisi tumekwisha kupeleka udongo wetu kupimwa. Majibu hayajafika, na mchicha wetu wa msimu huu umo katika makasha ya mbao yenye udongo wa kununua.