Mtakatifu, Walii na Jirani Yetu

Juma hili tulitazame neno linalovunja ujirani upesi: ushirikina. Hapa Manyovu ukoo mmoja waweza kuwa na Mkatoliki, Mwanglikana, Mlokole na Mwislamu. Msibani wote hukaa mkeka mmoja. Lakini mmoja akitaja jina la mtakatifu katika sala, mwingine hunong'ona kwamba huyo anaabudu wafu. Je, ni kweli?

Tuanze na jirani zetu wa Uganda. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Karoli Lwanga na vijana wengine, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda kuwa watakatifu, na katika mahubiri yake aliwakumbuka wale Waanglikana pia. Kila mwaka mahujaji, Watanzania wakiwamo, humiminika huko.

Mkatoliki atakuambia kwamba hamwabudu Lwanga. Anamwomba amwombee kwa Mungu, kama umwombavyo mzee akusindikize unapopeleka shauri zito. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 ulikwisha kutenga heshima ipewayo picha takatifu na ibada ambayo ni ya Mungu peke yake. Waanglikana huiadhimisha siku ya mashahidi, ila wengi wao hawawaombi maombezi. Mlokole naye husema mpatanishi ni Yesu tu, basi.

Kwa Waislamu mabishano ni hayo hayo. Ujiji, wafuasi wa tarika ya Kadiria hufanya ziara na dhikiri, wakimkumbuka Sheikh Abdulkadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Waislamu wengine huona kumwomba Mungu kwa kupitia walii ni shirki. Hoja hiyo ndiyo iliyobomoa makuba ya makaburi ya Madina miaka ya 1920.

Wayahudi nao huzuru kaburi la Ibrahimu huko Hebron, ambako Waislamu pia huswali. Marabi wamebishana tangu kale: mtu amwombe Mungu penye kaburi, au amsemeshe aliyezikwa?

Kwa hiyo mstari wa ugomvi haupiti kati ya dini na dini. Unapita ndani ya kila dini, baina ya watu wanaomkiri Mungu mmoja.

Hili si jambo dogo. Huku kwetu wengi wakisikia ushirikina huelewa uchawi, na tuhuma za uchawi zimekwisha kuua watu katika nchi hii.

Hakuna anayekulazimisha kukubali maombezi ya watakatifu wala ziara. Kataa, toa hoja zako. Lakini kabla ya kulitamka neno lile, muulize nduguyo: unamwomba nani? Lisikilize jibu lake. Sanamu au bendera uliyoiona kwa mbali haiwezi kukujibia.